Nyumba za Gede na Maneno Yake: Safari ya Gari Moshi Hadi Magofuni

Katika Chama chetu cha Kiswahili upo ubishi ambao niliukuta nilipoingia kidato cha kwanza na pengine nitauacha pale pale nikimaliza. Upande mmoja hushikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya Waarabu, ililetwa na majahazi ikashushwa Mombasa, na sisi wa Keringet tunaisoma kwa sababu tu ni somo la lazima katika KCSE. Upande wa pili nao hujibu kwa ukali kwamba Kiswahili ni Kibantu kitupu, na anayetaja Uarabu au Uajemi ametiwa kasumba na wakoloni. Mjadala hupamba moto, watu husimama juu ya madawati, halafu kengele ya chakula hulia na hakuna aliyeshinda.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimekuwa zikibishana bila kumwita shahidi. Lugha haichimbwi ardhini kama viazi vyetu, ni kweli, lakini watu walioisema zamani waliacha nyumba, visima, misikiti na makaburi. Basi wikendi ya mapumziko ya katikati ya muhula, sisi wanafunzi wanne pamoja na kaka yake mmoja wetu, ambaye ni mtu mzima, tulikwenda kumtafuta shahidi huyo. Makala haya ni taarifa ya tuliyoyaona, lakini zaidi ni somo la msamiati. Mwenye kutaka hadithi ya baharini na madafu atavunjika moyo kidogo.

Magofu mashuhuri zaidi ya Waswahili yako ng'ambo ya mpaka, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara huko Tanzania, ambayo UNESCO iliyatia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Wikendi moja haitoshi kwenda Kilwa na kurudi. Gede iko hapa hapa Kenya, yapata kilomita 16 kusini mwa Malindi, na tangu Julai 2024 nayo imo katika orodha hiyo. Hata hivyo, kwa mtu aliyezaliwa kwenye baridi ya Mau, Gede nayo ni ng'ambo tu. Jua ni jingine, chakula ni kingine, na Kiswahili ulichopatia alama nzuri darasani kinaanza kutokwa na jasho.

Tuanze na safari yenyewe, maana somo la kwanza tulilipata kabla hatujafika popote. Reli ya zamani ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika Kisumu kwenye ziwa. Njiani ilipita Nakuru, Njoro, Elburgon na Molo. Kwa hivyo ile stesheni ya Molo ambayo wengi wetu tunaipita tukifunga shule ni ncha ya uzi ambao ncha yake nyingine iko baharini. Treni ya abiria baina ya Nairobi na Mombasa kwenye reli hiyo ya zamani ilikoma mwaka 2017, na mwaka huo huo, tarehe 31 Mei, reli mpya ilizinduliwa. Reli ya zamani ina upana wa mita moja kamili kati ya chuma na chuma. Hii mpya ina milimita 1,435, na umbali wake hadi Mombasa ni kama kilomita 472. Sisi tulitoka Keringet kwa matatu Ijumaa alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia majani chai, tukapitia Molo na Nakuru hadi Nairobi, na saa tisa alasiri tukawa tumeketi ndani ya treni.

Sasa hebu tulitazame neno gari moshi. Gari ni neno la Kihindi. Moshi ni neno la Kibantu, halina deni kwa mtu. Lilivyoungwa ndivyo ilivyojengwa reli: wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na yapata 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na hata kwa simba wa Tsavo mwaka 1898. Katika safari ile ile moja utatumia nauli na abiria, maneno ya asili ya Kiarabu, kisha tikiti, reli na stesheni kutoka Kiingereza. Hakuna abiria anayeona taabu yoyote. Treni ya siku hizi haichomi kuni wala makaa, lakini jina lake limebaki na moshi wake.

Neno lililotushangaza zaidi ni behewa. Sote tunajua kwamba behewa ni chumba cha treni wanamoketi abiria. Lakini ukifungua kamusi za zamani utakuta kwamba behewa lilikuwa ua au ukumbi wa ndani wa nyumba ya mawe ya Waswahili, na tena ghala ya kuwekea vitu. Asili yake ni Kiarabu. Reli ilipofika, watu wa pwani walihitaji jina la kile chumba kirefu chenye watu na mizigo. Hawakwenda kuliomba kwa Mwingereza, walilichukua nyumbani kwao. Kwa hivyo mwanafunzi wa Keringet anayeketi ndani ya behewa ameketi, kwa maneno, ndani ya nyumba ya kale ya Mswahili. Rafiki yangu mmoja alipolisikia hilo alitazama huku na huku akasema, "Ati hii ni sebule ya mtu?" Tukacheka, lakini kwa kweli hakukosea sana.

Tsavo tuliiona jua likizama, ardhi nyekundu, ndovu wakiwa wekundu pia kwa vumbi. Usiku tulishuka Mombasa, tukalala kwa shangazi ya mmoja wetu. Jumamosi asubuhi tulipanda matatu ya Malindi. Ndani ya matatu hiyo mama wawili walikuwa wakizungumza Kigiryama, na mwenzetu ambaye kwao huzungumzwa Kikuyu akanigonga kiwiko: "Si unasikia? Mimi nashika shika maneno!" Akaanza kulinganisha. Mtu na watu kwa Kigiryama ni mutu na atu. Kwa Kikuyu ni mũndũ na andũ. Kwa Kikisii ni omonto na abanto. Nyumba ni nyumba kwa Kigiryama na nyũmba kwa Kikuyu. Maji ni madzi huko pwani na maaĩ huko kwao. Mwenzetu mwingine, Mkipsigis, aliyekuwa kimya kwa muda, akasema kwamba kwao nyumba ni kot na maji ni bek, kwa hivyo yeye katika kikao hicho ni mgeni mwalikwa. Jibu hilo ni la kiisimu hasa, maana Kikipsigis ni lugha ya Kiniloti. Wanaisimu huweka Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kingazija katika kundi moja dogo la lugha za Kibantu liitwalo Sabaki, jina la mto Sabaki unaoingia baharini karibu na Malindi. Hao ni ndugu wa tumbo moja. Kikuyu na Kikisii ni binamu. Ngeli tunazolia nazo kila Jumatatu ndizo alama ya ukoo.

Matatu ilituacha njia panda ya Gede, tukatembea hadi langoni. Mji huo uko ndani ya msitu, ukingoni mwa Arabuko-Sokoke, na kima wanakurukia matawini kama kwamba wao ndio waliokabidhiwa ufunguo. Neno letu la kwanza hapo lilikuwa lenyewe gofu. Gofu ni kitu kilichobaki mifupa mitupu. Husemwa gofu la nyumba, na hata gofu la mtu kwa aliyekonda kwa maradhi. Lakini Kiswahili kina neno jingine, mahame, linalotokana na kuhama. Gofu linakueleza hali ya ukuta. Mahame yanakueleza habari za watu, kwamba waliishi hapa na wakaondoka. Gede ni vyote viwili, na naomba uliweke neno hilo la pili mfukoni kwa muda, tutalirudia.

Mji huu uliinuka yapata karne ya 12, ukafikia kilele chake katika karne ya 15, na mwanzoni mwa karne ya 17 ukawa umeachwa. Ulikuwa na ukuta wa nje uliozunguka mji mzima na ukuta wa ndani uliozunguka nyumba za wakubwa, jumba la mtawala na Msikiti Mkuu. Wakazi wake wanakadiriwa kuwa kati ya 2,500 na 3,000. Jambo la ajabu ni kwamba Wareno walikaa Malindi karibu miaka mia moja, mwendo wa asubuhi moja kutoka Gede, na katika maandishi yao hawakuutaja mji huu. Sir John Kirk aliutembelea mwaka 1884. Mwaka 1927 ukatangazwa kuwa mahali pa kihistoria, na kuanzia mwaka 1948 mwanaakiolojia James Kirkman akauchimba kwa miaka kumi hivi.

Karibu na lango lipo kaburi lililoandikwa tarehe, mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399 wa kalenda tunayotumia sisi. Ni kaburi hilo lililowasaidia wachimbaji kupima umri wa vitu vingine vilivyo karibu. Kutoka hapo tuliingia Msikiti Mkuu. Mwongozaji alituuliza kibla kiko upande gani. Mmoja wetu akajibu haraka, "Mashariki!" Akaambiwa atazame jua. Kibla kiko kaskazini, kwa kuwa Makka iko kaskazini mwa pwani yetu. Anayeswali Ulaya huelekea kusini na mashariki, wa pwani yetu huelekea kaskazini. Mihrabu ya Gede iko kwenye ukuta wa kaskazini bila kupinda.

Hapo somo la pili likazuka lenyewe. Kaskazini ni nini? Ni upande wa kaskazi. Na kaskazi ni upepo, ule unaovuma kutoka kaskazini-mashariki yapata Desemba hadi Machi, ulioyaleta majahazi kutoka Uarabuni, Uajemi na India. Kusini ni upande wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini baada ya hapo na kuyarudisha makwao. Mashariki na magharibi ni maneno ya Kiarabu yatokanayo na kuchomoza na kuzama kwa jua. Kwa hivyo mwalimu wetu wa jiografia anaposema ubaoni kwamba Molo iko kaskazini mwa Keringet, amevumisha upepo wa bahari katika darasa ambalo nusu yake haijawahi kuiona bahari. Sijui kama analijua hilo. Nitamwonyesha makala haya.

Kwenye tao la mlango mmoja wa msikiti huo umechongwa mkuki wenye bapa pana. Mihrabu ilipambwa kwa bakuli za kauri kutoka mbali. Mkuki wa hapa na kauri ya ng'ambo katika jengo moja la ibada: ukitaka mfano wa jibu la ubishi wetu, simama baina ya hivyo viwili. Lakini msikiti ni mahali pa sala na watu huweza kusema kwamba dini iliingia na majengo yake. Mimi nilitaka kuona nyumba, kwa maana nyumbani ndiko lugha hulala na kuamka.

Nyumba za Gede zimepewa majina kwa vitu vilivyofukuliwa ndani yake. Iko Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sarafu za China na Nyumba ya Sanduku la Pembe za Ndovu. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kushikwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya lundo la kuni. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, vyembamba kweli, hata ukinyosha mikono unahisi karibu utagusa pande zote. Sababu yake ni miti. Dari ya mawe na chokaa ni nzito, ilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko haukui ukawa mrefu kupita kiasi huku ukibaki imara. Urefu wa mti mmoja ndio uliopima upana wa chumba. Hakukuwa na tajiri aliyeweza kubishana na mkoko.

Ndani ya kuta kuna vidaka, yaani vijisehemu vilivyoachwa ukutani vya kuwekea taa au vyombo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na stoo isiyo na mlango. Uliingia kwa ngazi kupitia tundu lililo juu karibu na dari, mwizi ahangaike kwanza. Na choo kilikuwa ndani ya nyumba, pamoja na mahali pa maji ya kujisafisha, katika karne ya 15! Mkipsigis wetu alikitazama kwa muda mrefu akasema, "Wee! Na sisi mpaka leo usiku unashika tochi unatoka nje, fisi akilia huko msituni." Mwongozaji alicheka akasema kila kikundi cha wanafunzi humaliza muda wake kwenye choo.

Kwa kuwa nyumba za Gede zimebaki kuta tu, majina ya sehemu zake tunayapata kwa jamaa zake walio hai, yaani nyumba kongwe za mawe za Lamu. Huko ukitoka barabarani unaingia daka, penye baraza za kukalisha wageni. Kutoka daka unafika ua ulio wazi, nao huitwa kiwanda. Kisha unaingia msana, halafu ndani, na nyuma kabisa kuna nyumba ya kati, chumba cha faragha kilichohusika na uzazi na pia kuoshwa kwa maiti. Umeliona neno kiwanda? Sisi tukilisikia tunafikiria majani chai, bomba la moshi na lori. Kumbe ni kile kiwanja kidogo, ndugu yake uwanja na uwanda. Ua ndipo kazi za nyumbani hufanyika, si ajabu basi kwamba jina la mahali likawa jina la mahali pa kazi, hadi likafika kwenye mashine.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe. Tuliketi chini ya mbuyu na daftari, tukaandika maneno ya nyumba na asili yake. Nyumba, Kibantu. Mlango, Kibantu. Jiwe, ukuta, kisima, choo, jiko, moto, maji, mtoto, mama, kulala, kula, kufa: yote ni ya Kibantu. Dirisha ni la Kiajemi. Sakafu ni la Kiarabu. Meza ni la Kireno. Bustani la Kiajemi. Rangi ya ukutani imetoka upande wa India na Uajemi. Tulipomaliza tuliona jambo ambalo mezani mwa darasa hatukuliona hata mara moja. Maneno ya kigeni si machache, na si ya kuonewa haya, lakini zaidi ni ya vilivyoletwa, vilivyoongezwa au vilivyopambwa. Yale ya mifupa ya nyumba na ya maisha ya wenyewe ni ya hapa. Tena hayo ya kigeni yalipoingia yalitii amri za mwenye nyumba. Dirisha likaingia ngeli ya LI-YA, likawa madirisha. Kitabu, cha Kiarabu, kilipoanza na ki- Waswahili wakakipa wingi vitabu, kama kisima na visima. Mwarabu hasemi hivyo. Mgeni akifika, huvua viatu.

Hata hivyo, tusikimbilie kuupa ushindi upande wa pili wa ubishi wetu, maana ushahidi mwingine unawakata wao pia. Kirkman mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1954, aliuita Gede mji wa Kiarabu. Wataalamu wengi wa wakati wake waliona mawe yaliyochongwa wakadhani lazima mjenzi alitoka nje. Uchimbaji wa baadaye ulileta mashaka. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alionyesha kwamba mji ulianza karne ya 8 na nyumba za miti na udongo, na msikiti mdogo wa miti. Palepale, juu ya msikiti ule, kukajengwa mwingine na mwingine, hadi wa mawe ukaja baadaye. Mji haukushushwa kutoka jahazini, uliota. Na Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alikuta Mombasa misikiti iliyojengwa kwa miti kwa ustadi, na watu wa Kilwa akawaeleza kuwa weusi sana wenye chale usoni.

Lakini wazee wa pwani nao wamesimulia siku zote kwamba baadhi ya mababu zao walitoka Shirazi, Uajemi, na wasomi kadhaa wakaiona simulizi hiyo kuwa majivuno tu. Machi 2023, jarida la sayansi liitwalo Nature lilichapisha uchunguzi wa chembe za urithi kutoka mifupa ya watu 80 waliozikwa kati ya yapata mwaka 1250 na 1800. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya, na David Reich wa Marekani. Makaburi ya Gede hayakuwamo, lakini ya Mtwapa yalikuwamo, mji tulioupita kwa matatu asubuhi ile bila kushuka. Walichokuta ni kwamba watu wengi wa miji hiyo walikuwa na asili ya Kiafrika kwa nusu au zaidi, na hiyo ilipitia karibu yote kwa akina mama. Sehemu ya Kiasia, iliyokuwa hasa ya Kiajemi, ilipitia kwa akina baba, na mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000. Asili ya Kiarabu iliongezeka baadaye, katika karne za karibu zaidi.

Wazee, basi, hawakudanganya. Waajemi walifika, wakaoa, wakazaa. Ila watoto wao hawakusema Kiajemi. Walisema lugha ya jikoni na kisimani. Walimu wa isimu jamii hutufundisha kwamba lugha ya kwanza ya mtu huitwa lugha ya mama, na mimi nimekuwa nikidhani kuwa ni namna ya kusema tu. Huko pwani, mifupa inaelekea kuunga mkono maana ya neno kwa neno. Baba alileta dirisha, bandari na nahodha, maneno yote matatu ya asili ya Kiajemi. Mama alikuwa na nyumba, na sarufi ikabaki yake.

Kwa nini mji uliachwa? Kisima kilicho kando ya Msikiti Mkuu kilichimbwa tena kwenda chini zaidi, dalili kwamba maji yalikuwa yakitoroka. Mwaka 1589 Wazimba walipita pwani wakiteketeza miji. Katika miaka ya 1590 Wareno walijenga Fort Jesus, na shehe wa Malindi akahamia Mombasa, biashara ikamfuata. Kisha Waoromo wakasukuma kutoka kaskazini. Huenda hakuna sababu moja. Jina lenyewe Gede inasemwa ni la Kioromo, likiwa na maana ya kitu cha thamani. Wenye mji pengine waliuita Kilimani. Yaani tunauita mji huu kwa jina walilolitoa wengine baada ya wenyewe kuondoka.

Hapa nalitoa lile neno mfukoni. Sisi wa Kuresoi na Molo hatuhitaji kupanda treni ili kuona mahame. Mwaka 1992, na tena mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008, watu wa huku kwetu walihamishwa na moto, na hata sasa ziko sehemu ambapo utakuta msingi wa nyumba umemezwa na nyasi na mti wa matunda unaozaa bila mwenyewe. Swali lililowasha moto huo lilikuwa nani mwenyeji na nani mgeni. Tulipokuwa tumeketi chini ya mbuyu wa Gede, mmoja wetu ambaye familia yake ilihama mwaka 2008 kisha ikarudi alisema tu, "Kumbe unaweza kuuliza mji mzima wa mawe swali hilo na usijibu." Hakuna aliyeongeza neno. Tulikaa hivyo kitambo, kima wakatuibia ndizi mbili.

Kabla hatujaondoka tuliingia jumba dogo la makumbusho palepale Gede. Vyungu vingi vilivyofukuliwa ni vya udongo, vilivyofinyangwa na watu wa pwani hii, vimevunjika na kuungwa. Kando yake ni kauri ya China na shanga. Wengi hukimbilia kauri. Mimi niliwaza kuhusu sanduku la pembe, kwa sababu ndovu hakuogelea kutoka ng'ambo; pembe nyingi zilibebwa kutoka bara. Na bara wakati huo halikuwa tupu. Pale Hyrax Hill, Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, kuna yale mashimo ya Wasirikwa walimofungia ng'ombe, na mashimo ya namna hiyo katika Bonde la Ufa ni ya kati ya karne ya 12 na ya 18. Gede ilipokuwa ikimwaga chokaa sakafuni, huku kwetu kuna mtu aliyekuwa akifunga zizi. Hyrax Hill iko chini ya saa tatu kutoka Keringet, na katika darasa letu sijakuta wanafunzi watano waliokwishafika.

Kwa wale watakaotaka kuutumia mjadala huu katika kikao cha Chama muhula ujao, napendekeza mazoezi haya. Chukua chumba kimoja cha nyumbani kwenu, uandike majina ya vitu ishirini vilivyomo kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama, utenge yaliyokopwa na yasiyokopwa, kisha uangalie kama vilivyokopwa ndivyo vilivyonunuliwa. Tafuta maneno matatu ambayo, kama behewa na kiwanda, yamehama kutoka nyumbani hadi kwenye mashine. Muulize babu au nyanya pepo za huku kwetu huitwaje, na kama jina la upande wowote wa dunia katika lugha yenu limetokana na upepo, mlima, jua au jirani. Tofautisha gofu, mahame na ganjo kwa kutunga sentensi. Wenye majibu wawaone viongozi wa Chama Alhamisi baada ya michezo, na waje na daftari, si maneno ya mdomo peke yake.